Chura wa Kihansi aliachiwa korongoni tangu 2012: mbona bado anahesabiwa "ametoweka porini"?

Nyasi_Mbichi:
Wakuu, habari zenu. Naomba ufafanuzi kuhusu chura wa Kihansi (Nectophrynoides asperginis), yule wa manjano wa milima ya Udzungwa. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilimtangaza kuwa ametoweka porini mwaka 2009. Agosti 2010 vyura 100 walirejeshwa Dar es Salaam kutoka bustani za wanyama za Marekani, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa kwenye korongo lao la asili. Lakini Orodha Nyekundu, yaani orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini, bado inamweka palepale. Kinachomzuia ni kigezo gani hasa? Je, manyunyu ya bomba yanaweza kushika nafasi ya maporomoko? Na anayeingia korongoni kuwahesabu afanye nini ili asipeleke kuvu anayeua vyura?

Korongo77:
Mkuu, nianze na kigezo, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kuachiwa na kurudi ni vitu viwili. Kanuni za IUCN zinasema ili spishi itolewe kwenye kundi la "ametoweka porini" kwa sababu ya vyura walioachiwa, lazima ipite miaka 5, au hadi wazae watoto wanaoweza kuendeleza kizazi huko porini. Kati ya hayo mawili, kinachofuatwa ni lile linalochelewa zaidi. Vyura walioachiwa wakaishi miezi kadhaa bila kuzaa hawabadilishi chochote.

Na chura huyu ana mtego wake. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Jike anazaa vitoto vilivyokamilika, kwa kawaida 5 hadi 13, kila kimoja na urefu wa kama milimita 5. Ukimtazama jike mwenye mimba kwa chini, ngozi ya tumbo ni nyembamba kiasi kwamba vitoto vinaonekana vimejipanga ndani. Sasa jike wa namna hiyo akiachiwa leo, mwezi ujao mhesabuji atakuta vitoto kwenye majani na kufurahi, kumbe mimba ilitungwa ndani ya boksi la kufugia. Kwa maoni yangu vitoto hivyo visihesabiwe. Ushahidi wa kuaminika ni kizazi cha pili, yaani waliozaliwa korongoni wakakua nao wakazaa. Kwa hiyo tarehe ya kila kundi lililoachiwa, na idadi ya majike waliokuwa na mimba siku ile, lazima viandikwe. Bila rekodi hiyo huwezi kutofautisha.

Jambo lingine: akitoka kundi hilo hatarukia kwenye usalama. Eneo analokalia hupimwa kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2, hivyo makazi yake ya takriban hekta 2 yatasomeka kama kilomita za mraba 4 au zaidi kidogo. Kikomo cha kundi la walio hatarini kabisa kutoweka ni chini ya kilomita za mraba 10. Ukiongeza kwamba yuko mahali pamoja tu, ikionekana tu kwamba makazi au idadi inaendelea kushuka, anaingia humo moja kwa moja.

Mkondo:
Nijibu la maji. Mradi wa umeme wa Kihansi ya Chini, megawati 180, ulipoanza kazi mwaka 2000 ulichepusha karibu asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakianguka korongoni. Chura huyu alikuwa ametambuliwa 1996 tu, ujenzi ukiwa tayari umeanza. Mwaka 2001 ikafungwa mitambo ya manyunyu: maji yanakingwa juu, yanashuka kwa mabomba kwa nguvu ya mteremko bila pampu, kisha yanatoka kwenye vinyunyizio vilivyopangwa juu ya majani.

Inafanya kazi, ila si maporomoko. Maporomoko yanaleta vitu vitatu kwa pamoja: unyevu, upepo usiokoma, na joto lisilopanda. Kinyunyizio kinaleta unyevu pekee, tena kwa duara. Nje ya duara mimea hubadilika upesi. Mimea ya nchi kavu huingia.

Matatizo ya kila siku ni mchanga na matope kwenye matundu. Tundu likizibwa nusu, badala ya ukungu unapata mchirizi unaochimba udongo sehemu moja na kuacha pembeni pakavu. Chujio likae kabla ya bomba kugawanyika, na lisafishwe kwa zamu, upande mmoja ukiwa unaendelea kunyunyiza. Kuzima mfumo mzima wakati wa kiangazi ili kuusafisha ni kosa kubwa. Angalieni 2003: katikati ya mwaka vyura walikadiriwa kuwa takriban 20,000, na Januari 2004 walionekana 3 tu, na madume 2 wakasikika wakiita. Katika miezi hiyo vilikutana vitatu: hitilafu za manyunyu, kufunguliwa kwa bwawa kutoa tope lililojikusanya, na kuvu.

Pamba_na_Glavu:
Kuvu huyo ni Batrachochytrium dendrobatidis. Anashambulia ngozi, na chura hutegemea ngozi kwa maji na chumvi za mwili. Ikiharibika, moyo husimama. Hustawi kwenye nyuzi 17 hadi 25 za Selsiasi, yaani ubaridi uleule anaoupenda chura.

Kwa buti na vifaa, fuata mpangilio huu bila kuruka. Kwanza sugua kwa brashi na maji hadi tope lote litoke, hasa kwenye meno ya soli. Hapa ndipo watu hukosea: klorini humalizwa na tope kabla haijamfikia kuvu. Kisha loweka kwenye sodiamu haipokloraiti ya asilimia 1 kwa angalau dakika 1. Chupa ikiandikwa asilimia 3.5, changanya sehemu 1 ya dawa na sehemu 2.5 za maji. Changanya upya kila siku, kwa sababu jua linaipunguza nguvu. Suuza, ukimwaga maji hayo mbali na kijito chochote, maana klorini hiyo inamuua chura pia. Mwisho anika hadi vikauke kabisa. Kitambaa kisichovumilia dawa kiweke kwenye joto la nyuzi 60 kwa dakika 5.

Ukimshika chura, glavu mpya kwa kila mmoja. Kijiti cha pamba cha kuchukua sampuli ya kuvu kipitishwe tumboni, mapajani kwa ndani na kwenye vidole, kwa wepesi kabisa. Dume mzima hafiki hata sentimita 2.

Nyasi_Mbichi:
Nashukuru sana, nimeelewa. Moja la mwisho: walio kwenye maboksi si wanatosha kuwa akiba, hata korongo likichelewa kutengemaa?

Korongo77:
Hapana, mkuu. Mwishoni mwa 2000 walichukuliwa 499 kupelekwa Marekani, na kufikia 2004 walikuwa wamebaki chini ya 100. Waliuawa na minyoo ya mapafu, mifupa laini, na upungufu wa vitamini A unaofanya ulimi ushindwe kunasa mdudu. Chura anaonekana anarusha ulimi, lakini mdudu anabaki palepale, na mfugaji asiyekaa kutazama atadhani amekula. Ndiyo maana wadudu wadogo anaolishwa hupakwa unga wa kalsiamu na vitamini A, na taa za UVB (miale kama ya jua) hubadilishwa kwa ratiba hata kama bado zinawaka, kwa sababu mwanga hubaki miale ikiwa imekwisha. Na wagawe kwenye vituo zaidi ya kimoja, kila kituo na glavu zake, nyavu zake na ndoo zake.