Ushauri: Gemu la Professor Layton kwenye simu, litamfaa mtoto wa darasa la sita?

MamaWawili_Uyole

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine habari za jioni. Naomba ushauri kwa mnaolijua gemu la Professor Layton and the Curious Village, toleo la simu. Nataka kulinunua kabla shule hazijafunga Juni, maana kwa baridi ya huku Uyole watoto wanashinda ndani mpaka jua likolee. Mchezaji mkuu ni kijana wangu wa darasa la sita, shule ya Kiswahili. Hesabu anazipenda, Kiingereza bado kinamsumbua. Simu ni Android yenye RAM ya GB 3, nafasi iliyobaki GB 4.

Ninachotaka kujua: linakula bando kila ukilifungua? Lina matangazo, au yale mambo ya kununua nyota humo ndani? Na mtoto ataambulia kitu, au lugha itamkwamisha? Kuna fundi simu hapa Mwanjelwa anasema ataniwekea kwa elfu mbili, nalo nishaurini.

Kihesa_Mantiki

Dada, linunue. Hili ni moja ya magemu machache ya simu yaliyotengenezwa yaishe: lina mwanzo, lina mwisho, unalipa mara moja basi. Hakuna matangazo, hakuna nyota za kununua. Lilitoka Japani Februari 2007 kwa ajili ya Nintendo DS, halafu Level-5 wakalitoa upya kwa simu janja kuanzia 2018, picha zikiwa zimesafishwa na vipande vipya vya katuni vimeongezwa.

Ubora wake uko kwenye mafumbo yenyewe. Aliyeyasimamia ni Akira Tago, mwanasaikolojia wa Japani aliyeandika vitabu vingi vya chemsha bongo. Ndiyo maana ni mafumbo zaidi ya 100 na bado hayachoshi: hili la mizani, lile la njia, lingine la njiti za kiberiti, lingine mtego wa maneno tu. Hadithi inayabeba vizuri. Profesa Layton na mwanafunzi wake Luke wanaitwa kijiji cha St. Mystere na mjane wa Baroni Reinhold, kwa sababu wosia wa marehemu unasema atakayelipata Tofaa la Dhahabu ndiye mrithi. Kila mwanakijiji unayemsalimia anakutwisha fumbo kwanza. Mtu akizoea vitendawili, yaani "kitendawili!" "tega!", kijiji hicho hakimpi ugeni. Ila msisome habari za hadithi mtandaoni kabla ya kumaliza. Mwisho wake ukishaujua, nusu ya utamu imekwenda.

Intaneti inahitajika wakati wa kushusha tu. Angalia ukubwa kwenye ukurasa wake wa Play Store, tafuta Wi-Fi, na ulifungue mara ya kwanza ukiwa bado kwenye hiyo Wi-Fi ili kama kuna data za ziada zishuke zote. Kisha weka simu kwenye hali ya ndege ulijaribu kabla hujaondoka hapo.

Mafinga_Simu

Kuhusu fundi wa elfu mbili: hapana, dada. Faili za namna hiyo hugoma kwa sababu inayojulikana. Magemu makubwa huja vipande viwili, programu yenyewe na furushi la data lenye picha na sauti. Anayekuwekea kwa kurusha faili mara nyingi anarusha kipande cha kwanza tu, kwa hiyo linafunguka, kioo kinabaki cheusi, basi. Na likifunguka, ujue mtu fulani amelichokonoa kabla yako. Gemu la mafumbo likikuomba ruhusa ya kusoma meseji zako, lifute hapo hapo. Meseji za miamala ya pesa zako ziko humo.

Njia halali ni hii. Bei yake ya kawaida huwa karibu dola 10 za Marekani, na siku za punguzo hushuka. Kama huna kadi ya benki, tengeneza kadi ya Visa ya M-Pesa kwenye menyu, weka fedha zinazozidi bei kidogo kwa sababu ya kubadilisha sarafu na makato, halafu ingiza namba za kadi Play Store. Nunua siku ambayo una muda wa kukaa nalo. Google wanapokea ombi la kurudishiwa fedha ndani ya saa 48 tangu kununua, kwa hiyo tumia saa hizo kulipima: cheza mpaka ukutane na vipande viwili vitatu vya katuni, tazama kama sauti na picha vinakwenda pamoja, pima joto la simu na chaji. Kwa RAM ya GB 3 sitarajii shida, asili yake ni kifaa kidogo cha 2007. Lakini jaribio ndilo linaloamua.

Jambo la mwisho, simu ikijaa msije mkabonyeza kufuta data za programu. Kufuta kashe, yaani faili za muda, hakuna neno. Kufuta data kunafuta safari yote ya mtoto, anaanza tena mwanzo kabisa.

Mwl_Tukuyu

Niseme upande wa lugha, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi zinakosea. Hesabu zake darasa la sita anaziweza. Kinachomwangusha ni neno moja la sharti. Kabla ya kugusa chochote, mtoto atafute kwenye swali maneno kama "each", "at most", "at least", "only" na "exactly", ayaandike kwenye karatasi na maana yake. Sharti likishaandikwa kwa Kiswahili, fumbo limeshalainika.

Na wewe mama unayemtafsiria, tafsiri bila kuongeza. Chukua fumbo la mishumaa. Mishumaa 10 inawaka, upepo wa dirishani unazima 2, baadaye unakuta 1 mwingine umezimika, dirisha linafungwa na hakuna unaozimika tena. Mwishoni mingapi imebaki? Ukimtafsiria "mingapi inawaka" umeshaliua fumbo. Neno ni kubaki. Iliyoendelea kuwaka inateketea yote, inayobaki ni ile 3 iliyozimwa. Mtoto aliyezoea mshumaa umeme ukikatika analiona hili haraka kuliko mtu mzima, mradi neno limefika sawasawa.

Jingine ni la kijidudu kwenye chupa: kila dakika kinagawanyika viwili, kimoja kinaijaza chupa kwa dakika 60. Je, ukianza na viwili? Wengi watasema 30. Mwambie achore dakika ya kwanza tu. Kimoja baada ya dakika 1 ni viwili, kwa hiyo ameruka dakika moja, jibu ni 59. Asiwasilishe jibu la kwanza lililomjia. Humu jibu la kwanza mara nyingi ndilo mtego.

Kingine, simu ikae kando na vitu vya mkononi viwe mezani. Kwa fumbo la kuvusha mbwa mwitu na vifaranga mtoni tumieni maharage 3 mekundu na mahindi 3, kitabu kiwe mtumbwi. Kwa fumbo la mizani, vifuniko 8 vya soda. Kwenye kioo mtoto anabahatisha kwa kidole. Mezani anahesabu.

Njombe_Baridi

Mwambie asiguse vidokezo kabisa, vinapunguza alama.

Kihesa_Mantiki

Hapana mkuu, hapo turekebishane, maana ushauri huo unawatesa watoto bure. Alama za kila fumbo zinaitwa pikarati, na zinapungua ukikosea. Kosa la kwanza linashusha, la pili linashusha tena, baada ya hapo zinabaki pale pale. Kidokezo hakigusi pikarati hata moja. Kinachotumika ni sarafu, sarafu 1 kwa kila kidokezo, vidokezo 3 kwa fumbo.

Kwa hiyo hesabu yenyewe iko hivi: kubahatisha kunagharimu alama, kuomba kidokezo kunagharimu sarafu. Sarafu hazinunuliwi, zimefichwa kwenye mandhari ya kijiji, na zina mwisho. Kila mkifika mahali papya gusa madirisha, mapipa, taa, vyungu vya maua na mabomba ya moshi. Mkigusa kwa haraka, mtapita juu ya nyingi. Vipande vya mashine mnavyozawadiwa wavipange mapema pia, kwani vikikamilika vinakuwa mbwa wa chuma anayesaidia kunusa sarafu zilizojificha.

Kidokezo cha kwanza huwa kinazunguka tu. Cha tatu kinakaribia kutoa jibu, hicho akiweke akiba. Na fumbo likimshinda anaweza kulifunga akarudi kesho, kufunga hakupunguzi kitu. Mafumbo aliyoyapita bila kuyaona yanakusanywa kwa Granny Riddleton, kwa hiyo asirudi nyuma kila nyumba kwa hofu ya kupoteza. Isipokuwa kuna sehemu hadithi inamzuia mpaka awe amefumbua idadi fulani, hivyo kukimbilia hadithi tu hakutamfikisha.

MamaWawili_Uyole

Asanteni sana. Nimelinunua kwa kadi ya M-Pesa, limekubali, linacheza hata kwenye hali ya ndege. Mizani kijana anagawa 4 kwa 4, inamgomea. Na kwenye mbwa mwitu tumekwama, kila tukifika katikati vifaranga wanaliwa. Maharage na mahindi yako mezani tangu saa moja.

Mwl_Tukuyu

Mizani kwanza. Vitu ni 8, kimoja ni chepesi, mnapima mara 2 tu. Akigawa 4 kwa 4 kipimo cha kwanza kinambakizia 4, atahitaji vipimo viwili tena, jumla 3. Mizani ina majibu matatu: kushoto, kulia, na sawa. Hilo la sawa asilipoteze. Apime 3 kwa 3, aache 2 chini. Zikilingana, chepesi kiko kwenye ile 2, apime 1 kwa 1. Upande mmoja ukipanda, achukue ile 3 ya upande huo, apime 1 kwa 1 na kuacha 1 nje.

Sasa mto. Anayetaka kufumbua mwenyewe aruke hapa. Mtumbwi unabeba 2, na mbwa mwitu wasiwazidi vifaranga upande wowote wenye vifaranga. Safari chache kabisa ni 11:

mbwa 2 wanavuka, 1 anarudi. Mbwa 2 wanavuka, 1 anarudi. Vifaranga 2 wanavuka, mbwa 1 na kifaranga 1 wanarudi. Vifaranga 2 wanavuka, mbwa 1 anarudi. Mbwa 2 wanavuka, 1 anarudi. Mbwa 2 wanavuka.

Mnapokwama ni safari ya 6, pale mbwa 1 na kifaranga 1 wanaporudi. Mkono unakataa kurudisha wawili ulioshahangaika kuwavusha, inaonekana kama hasara. Lakini ng'ambo kuna mbwa 2 na vifaranga 2. Ukimrudisha kifaranga peke yake, anayebaki ng'ambo analiwa. Ukimrudisha mbwa peke yake, ulikotoka kunakuwa na mbwa 2 na kifaranga 1, naye analiwa. Wakirudi wawili, kila upande unakuwa sawa kwa sawa. Mwache kijana ajaribu kwa mkono njia zote mbili mbovu kwanza, ndipo umwonyeshe hii.

MamaWawili_Uyole

Imekubali! Sasa ameng'ang'ania majagi ya maziwa, la 10 limejaa, la 7 na la 3 ni matupu, anatakiwa apate 5 na 5. Nisaidieni njia, ila msimpe jibu lote.

Kihesa_Mantiki

Mpe tatu za mwanzo. Jaza la 7 kutoka la 10, jaza la 3 kutoka la 7, mwaga la 3 lirudi la 10. Sasa majagi yanasomeka 6, 4, 0. Aandike namba hizo tatu kwenye mstari kila anapomimina, mstari ukijirudia ajue amezunguka bure. Lengo la kwanza asilifanye 5, atafute 1 iliyobaki peke yake ndani ya jagi la 3. Akiipata hiyo, ajaze la 7, kisha atazame nafasi iliyobaki kwenye la 3. Jumla ni mimino 9.