Nimehama brauza tatu ndani ya mwezi mmoja kwa ushauri wenu, na bado naganda

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina steshenari, laptopu ni moja tu ya RAM 4GB, na ndiyo inayolisha nyumba. Mwezi uliopita nilisema hapa kwamba brauza yangu imekuwa nzito, kila aliyepita akanijibu "hamia hii mkuu, inapaa". Nikahama. Nikahama tena. Nikahama mara ya tatu. Majina siyataji, mlionishauri mnajijua.

Ya kwanza ilipaa kweli, siku nne. Ya pili ilifunguka kabla sijatoa kidole kwenye mausi, nikasema hii sasa ndiyo. Kumbe imejipanga iwake pamoja na Windows, imejificha huko nyuma inakula RAM hata siku ambayo sijaigusa. Hiyo ni kasi au ni kuwahi foleni usiku?

Ya tatu ilikuja na chati zake za "mara tatu zaidi". Nikatoa simu nikapima kwa saa. Ukurasa wa kutuma maombi ambao wateja wangu wanaukimbilia: mara ya kwanza sekunde 38, mara ya pili 11. Brauza ile ile! Mara ya pili picha na vikorokoro vyote vilikuwa vimeshahifadhiwa kwenye diski. Nyie mnaoleta video za kulinganisha, mlipima ya kwanza au ya pili? Alfajiri, au saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni? Mwingine akaniambia nitumie Speedometer, ile tovuti ya kupima kasi ya brauza. Sawa, ni kipimo kizuri, lakini kinaangalia ukurasa unavyoitikia ukishafika. Bando na mnara havimo kabisa. Na toleo la 3 la mwaka 2024 walilitengeneza Apple, Google, Microsoft na Mozilla wenyewe. Watahiniwa ndio watunga mtihani.

Halafu hakuna aliyeniambia kwamba Chrome, Edge, Opera, Brave na Vivaldi zote zimejengwa juu ya Chromium, msingi mmoja wa brauza unaosimamiwa na Google. Opera iliacha injini yake (mtambo wa ndani unaochora kurasa) mwaka 2013, Edge ikafuata 2020. Nimehamisha vitanda mara tatu, kumbe mwenye nyumba ni yule yule! Firefox ina injini yake, Gecko, na hamkuitaja hata kwa bahati mbaya. (Sisemi ina kasi zaidi, sijaipima.)

Lakini kilichonitoa moshi ni pasiwedi. Mmoja wenu alinielekeza nizitoe kwenye brauza ya zamani kama faili, niziingize kwenye mpya. Hakusema lile faili halina kufuli lolote, ukilifungua kwa Excel unasoma kila kitu kama orodha ya bei za daftari. Likakaa kwenye Downloads siku tano. Kwenye mashine ya steshenari! Wateja wanachomeka flashi humo, wanachagua faili zao wenyewe wachapishe. Nimegundua juzi, nikakesha nabadilisha pasiwedi moja moja, na akaunti mbili zinatuma namba za uthibitisho kwenye laini niliyokwisha kuitupa. Hizo mpaka leo sijaingia.

Jana kwa hasira nikarudi kwenye ile ya zamani, nikafungua profaili mpya, tupu, yaani kama mtumiaji mpya asiye na kitu. Ikapaa sawasawa na zile tatu zenu. Nikarudi profaili yangu, nikakagua ekstensheni, vile viprogramu vya kupachika kwenye brauza: tisa. Mbili sijui hata zilikotoka, moja eti ya kunitafutia kuponi za maduka ya Marekani. Nikazifuta zote, feni ikanyamaza. Yaani mlikuwa mnalinganisha brauza mpya tupu na yangu iliyobeba takataka za miaka sita, mnashangilia mshindi.

Nitakayemwona anaandika "jaribu hii mpya mkuu" hapo chini, aanze kwa kusema mashine yake ina RAM ngapi.