Tupeane uzoefu: ulishikilia kitu gani hadi kikakubali?

Wakuu, salaam. Mimi ni bingwa wa kuanza. Kifaransa nimekianza mara nne na mara zote nimekwama palepale, kwenye vitenzi vya wakati uliopita. Wiki mbili za moto, siku moja ya uchovu, kisha kimya cha miezi. Waliofika mbali watuambie ilikuwaje, hasa zile siku mlizokuwa hamtaki kabisa. "Usikate tamaa" tumeshaisikia, tuiache.

#2
Fundi cherehani hapa, mwaka wa kumi na moja. Aliyenifundisha hakunipa kitambaa. Alichora mistari kwenye karatasi za daftari, akachomoa uzi kwenye sindano, akasema shona juu ya mstari. Wiki tatu! Mistari iliyonyooka, kisha kona, kisha mizunguko. Matundu hayafichi kitu: ukikanyaga pedali kwa pupa, tundu limetoka nje ya mstari. Nilimchukia yule mzee. Halafu nikakutana na zipu ya suruali. Ya kwanza niliifumua mara nne mpaka kitambaa kikachakaa, nikakata kingine. Siku ya kusema "sasa nimeweza" sikuiona. Nilishtukia tu mwezi umepita sijafumua zipu.

#3
Hesabu nilifeli mara mbili. Ya tatu nikaacha kukesha, nikawa nafanya maswali matano kwa siku, basi. Ila kilichoniokoa ni daftari la makosa: swali nililokosa nalifanya upya, pembeni naandika nilipoteleza. Baada ya mwezi nikalipekua, karibu nusu ya makosa ni kitu kimoja. Alama ya kutoa ikikaa mbele ya mabano, nilikuwa nageuza alama ya namba ya kwanza tu, ya pili naisahau. Miaka yote najiona sina kichwa cha hesabu, kumbe ni mabano!

#4
Mimi nawaharibia sherehe. Biashara niliivumilia miaka sita: nafungua alfajiri, nafunga usiku, sikosi siku. Mvumilivu hula mbivu, si ndiyo? Mauzo siandiki, matumizi siandiki. Siku nilipokaa na kalamu nikagundua nimekuwa nikila mtaji tangu mwaka wa pili. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lilikuwa langu. Huyo wa daftari kanigusa. Ningekuwa nalo, ningefunga mapema nikafanya jambo jingine.

#5
#4 pole, lakini umesema la maana kuliko sote. Mtazameni Eliud Kipchoge: bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, halafu 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka 2013 akahamia marathoni, akashinda ya kwanza Hamburg, na 2016 dhahabu ya Olimpiki. Watu husifu uvumilivu wake, mimi nasifu na kule kuhama. Naye pia ni mtu wa daftari, mazoezi yake huyaandika.

Mleta mada, hiyo siku moja ya uchovu isikutishe. Watafiti wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani jambo lilizoeleka baada ya siku 66, wengine siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kinachokuua ni kesho yake, unapojiambia "nimeshaharibu".

#1
Dah, hapo kwenye kesho yake umenipata. Swali kwa fundi: ukikaa muda bila kushona, unarudia mwanzo au unaendelea ulipoishia? Mimi kila nikirudi naanza na salamu, ndiyo maana salamu nazijua kama maji.

#2
Mwanzo hapana, mkuu. Mwaka juzi niliugua miezi miwili. Niliporudi nilishona karatasi moja tu, mkono ukakumbuka, nikachukua suruali iliyokuwa inasubiri. Anza na vitenzi.