Magazeti ya Kiingereza yanatuuzia habari ileile kwa majina tofauti, halafu tunaambiwa "chagua"!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Kila mtu akiuliza asome gazeti gani la kila siku la Kiingereza, anapewa majibu yaleyale. Soma The Times, lina heshima, lipo tangu 1785. Hapana, soma The Guardian, lina msimamo. Achana na hao, The New York Times ndiyo habari ya mjini. Watu wanabishana kama mashabiki wa mpira, na muulizaji anaondoka bila kuambiwa jambo la msingi: habari nyingi za nje atakazozikuta kwenye gazeti moja atazikuta pia kwenye lile lingine, na hazikuandikwa na waandishi wa gazeti lolote kati ya hayo mawili.

Anayebisha ajaribu mwenyewe. Chukua habari ya tetemeko la ardhi au mapinduzi katika nchi ambako magazeti yote mawili hayana mwandishi. Fungua kurasa zote mbili, soma aya tano za mwanzo. Maneno ni yale yale, nukuu ni zile zile, kilichobadilishwa ni kichwa cha habari tu. Ukitafuta vizuri utaona Reuters, AP au AFP, yaani mashirika yanayokusanya habari na kuyauzia magazeti, mara nyingine kwa herufi ndogo huko mwisho ambako msomaji hafiki. Biashara hii si ya leo. AP ilianzishwa 1846 na magazeti ya New York yaliyokuwa yakishindana, ili yagawane gharama za kupata habari za vita vya Marekani na Meksiko. Reuters ikafuata London mwaka 1851. Kugawana gharama sina neno nako. Ninachokataa ni kunilipisha bei kamili huku na kule kwa kazi iliyonunuliwa sehemu moja, halafu kila gazeti linajitangaza kwamba bila lenyewe sitaelewa dunia.

Sasa tofauti iko wapi? Iko kwenye maoni, na maoni yana mwenyewe. Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, alinunua The Times mwaka 1981, na mwaka 2007 akaichukua na Dow Jones, wenye The Wall Street Journal. Financial Times ni mali ya Nikkei, kampuni ya habari ya Japani, tangu 2015. The Washington Post lilinunuliwa na Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, mwaka 2013 kwa dola milioni 250. Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, gazeti hilo likatangaza kwamba halitamuunga mkono mgombea yeyote wa urais, wakati wahariri wa maoni walikuwa wameshaandaa tahariri ya kumuunga mkono Kamala Harris. Wasomaji zaidi ya 200,000 walijitoa. Februari iliyofuata mwenye mali akatangaza kwamba kurasa za maoni zitatetea uhuru wa mtu binafsi na soko huria, na wenye mawazo ya kupinga hayo wakaandike kwingine. Mnaosema "mmiliki haingilii" mnijibu hapo! Anaingilia akitaka, na wewe uliyelipia mwaka mzima unapata taarifa baada ya uamuzi kupita.

Lakini kinachoniuma kuliko yote ni masahihisho. Gazeti linakosea ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa, kisha linajisahihisha ndani kabisa kwa mistari mitatu. Aprili 1989, siku nne baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough huko Uingereza, ambako mashabiki wa Liverpool walikufa kwa kusongamana, gazeti la The Sun liliweka ukurasa wa mbele tuhuma za uongo dhidi ya mashabiki hao, kwamba waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi. Radhi ya ukurasa wa mbele ilikuja Septemba 2012. Miaka 23! Kuna wazazi walizikwa wakiwa bado wanasubiri majina ya watoto wao yasafishwe.

Na badala ya kuongeza watu wa kusikiliza wasomaji, wanawapunguza. The Washington Post liliondoa nafasi ya mtetezi wa wasomaji mwaka 2013. The New York Times likafuta ya kwake mwaka 2017. Huyu alikuwa mtu ndani ya gazeti mwenye kazi ya kuwauliza wahariri, hadharani, kwa nini wameandika walichoandika. The Guardian walianza kuwa na mhariri wa aina hiyo mwaka 1997, na kwa hilo nawapa haki yao, ingawa tahariri zao nyingi sikubaliani nazo. Mimi naweza kuishi na gazeti lenye msimamo nisioupenda. Gazeti lisilokiri kosa siwezi.

Halafu kuna hili la malipo. Silitaji gazeti lililonifanyia hivi, lakini wengi mtalitambua kwa tabia. Kujiunga ni kubofya mara mbili. Bei ya majaribio ni ndogo, kisha inapanda kimyakimya na kadi inakatwa. Ukitaka kujitoa, kitufe hakipo. Unaambiwa upige simu, tena nchi nyingine, saa zao za kazi, na anayepokea ana kazi moja tu: kukubembeleza ubaki kwa punguzo. Kama punguzo lilikuwepo, mbona mlinikata bei kamili? Watu wanaoandika tahariri kali kuhusu kampuni zinazowanyonya wateja wanafanya yaleyale kwenye ukurasa wao wa malipo.

Kwa hiyo msiniambie tena gazeti lipi lina heshima. Mnaolipia, nijibuni haya. Gazeti lako lina waandishi wake nchi gani hasa, na habari ngapi za leo zina jina la mwandishi wake badala ya shirika? Ukurasa wake wa masahihisho uko wapi, na unafikika kwa kubofya mara ngapi kutoka mwanzo? Limewahi kuandika habari mbaya kuhusu biashara za mmiliki wake? Na kujitoa je, ni rahisi kama kujiunga?

Atakayeniletea gazeti linalopita maswali yote manne, nalilipia leo hii.