Viza ya mdogo wangu kuja maonyesho ya matunda Berlin – naomba ushauri

Kutoka: Dada wa Leipzig
3 Novemba 2025

Wanajumuiya, salaam.

Nina mdogo wangu Njombe, analima parachichi za Hass, na za majirani anazikusanya. Msimu uliopita aliuza kwa dalali wa kontena. Bei aliyopewa shambani na bei ninayoiona mimi hapa dukani kwa tunda moja, bora nisiseme, nitalia. Ameapa safari hii atamtafuta mnunuzi mwenyewe, uso kwa uso. Amesikia habari za Fruit Logistica, yale maonyesho ya matunda na mboga yanayofanyika Berlin kila mwanzoni mwa Februari. Ya mwakani ni tarehe 4 hadi 6.

Mpango wangu ulikuwa huu: namwandikia mwaliko wa kifamilia, naenda idara ya wageni kusaini Verpflichtungserklärung (ile karatasi ya kubeba gharama zake zote), anafikia kwangu, halafu siku za maonyesho anapanda treni kimya kimya kwenda Berlin. Shemeji yenu anasema naharibu. Nani ameshapita njia hii?


Kutoka: Kaka wa Berlin
3 Novemba 2025, usiku

Dada, msikilize shemeji. Neno linalonitisha katika barua yako ni hilo "kimya kimya".

Kila Machi huwa napokea watu wa kampuni za utalii kutoka Arusha na Zanzibar wanaokuja ITB, maonyesho ya utalii, kwa hiyo mafaili ya aina hii nimeyaona mengi, yaliyopita na yaliyokwama. Yaliyokwama karibu yote yalikuwa na ugonjwa mmoja: fomu inasema hivi, barua inasema vile, mwombaji mwenyewe dirishani ubalozini anasema jambo la tatu. Mdogo wako ni mfanyabiashara anayekuja kutafuta soko. Basi aombe hivyo. Stika ya viza ni ile ile ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), aina C, ya safari fupi, kinachobadilika ni sababu ya safari na karatasi zilizo nyuma yake. Ukimwombea kama ndugu anayekuja kusalimia, basi shamba lake, leseni yake, wateja wake, vyote vinakaa nje ya faili. Na hivyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba atarudi nyumbani!

Hiyo Verpflichtungserklärung inajibu swali moja tu, nani atalipa. Ada yake ni euro 29 na inakufunga kweli kweli kisheria, akiugua au akibaki deni ni lako. Lakini haijibu swali la pili, atarudi au hatarudi, na wengi wetu tunanyimwa kwa hilo la pili. Kama biashara yake inaweza kubeba tiketi na hoteli, mwache ajilipie. Inasomeka vizuri zaidi.

Kwako anaweza kulala, si dhambi. Andika barua fupi kwamba atafikia kwako siku fulani hadi fulani, weka nakala ya kibali chako cha kuishi. Usijifiche, maana wakimuuliza kama ana ndugu Ujerumani na akasema hana, hapo ameshadanganya. Ila usiwe wewe ndiye sababu ya safari.

Sasa faili lenyewe. Anunue tiketi ya maonyesho mapema kwa jina lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kisha aombe kwa waandaaji barua ya kuthibitisha kwa ajili ya viza. Hiyo ni mlango tu. Kinachonona ni barua pepe za wanunuzi. Orodha ya washiriki iko mtandaoni, achague waagizaji kumi wa parachichi, awaandikie leo. Mmoja akijibu "njoo bandani kwetu Jumatano saa nne asubuhi", hiyo karatasi ina uzito kuliko barua yangu na yako zikiunganishwa. Upande wa nyumbani: cheti cha BRELA cha usajili wa biashara, TIN (namba ya mlipakodi), leseni, uthibitisho wa kodi, hati au mkataba wa shamba, ankara za yule dalali (ndiyo, hata za dalali, zinaonyesha mzigo ulitoka), cheti cha GlobalG.A.P. (cha kilimo bora) kama anacho, na taarifa za benki za miezi mitatu. Zilizo kwa Kiswahili zitafsiriwe.

Na ajue mwenyewe anakuja wapi. Hii si Sabasaba ya kuingia na watoto kula mishkaki. Ni ya watu wa biashara peke yao, na dirishani anaweza kuulizwa anauza nini, kwa nani, kilo ngapi.

Muda: maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45, na hesabu inaanza siku faili limepokelewa, si siku mlipoanza kutafuta miadi. Leo ni Novemba. Atafute miadi kesho asubuhi kabla ya chai.

Mengine mnayajua: ada euro 90, bima ya safari isiyopungua euro 30,000 na iwe ya nchi zote za Schengen, pasipoti yenye kurasa mbili tupu na iishi angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka.


Kutoka: Shangazi wa Hamburg
4 Novemba 2025

Wanangu, hamjambo. Hapo kwenye taarifa za benki mngoje kidogo, nisimulie aibu yangu.

Mtoto wa kaka yangu ana duka la vipuri Kariakoo. Akataka kuja Automechanika, maonyesho ya vipuri vya magari, Frankfurt. Kariakoo mnaijua, hela inalala kwenye mtoto wa meza, mkobani na kwenye simu, benki inapita kusalimia tu. Akaunti yake ilikuwa na laki mbili, tatu, inapanda inashuka. Mimi kwa upendo wangu nikamtumia milioni kumi na tano wiki moja kabla ya miadi, "iwe imenona". Akafika dirishani. Dada wa pale akaweka kalamu juu ya ule mstari mmoja, akauliza: hii imetoka wapi? Kijana akasema, ya shangazi. Shangazi yupi, mbona kwenye fomu hayupo?

Karatasi ya kukataliwa ilikuja na visanduku viwili vimewekewa alama, kimoja cha uwezo wa kujikimu, kingine cha shaka juu ya nia ya kuondoka. Na ubaya ni kwamba hela alikuwa nayo! Duka linaingiza. Tungechapisha miamala yake ya simu ya miezi ile mitatu, daftari la mauzo na karatasi za TRA, tungemaliza. Tulichofanya ni kuficha biashara halisi chini ya pesa ya bandia.

Wakati ule tuliweza kuandika barua ya kupinga, bure, wakaangalia upya. Maonyesho yalikwisha kabla ya jibu, lakini njia ilikuwepo. Sasa njia hiyo Ujerumani imeifuta tangu 1 Julai 2025, balozi zake zote. Ukinyimwa, ama unafungua kesi mahakama ya utawala Berlin ndani ya mwezi mmoja, ama unaomba upya na kulipa upya. Kwa hiyo faili la kwanza liwe ndilo.


Kutoka: Kaka wa Rotterdam
4 Novemba 2025

Habari zenu. Mimi ni mtu wa Murang'a, kwetu pia ni avokado tu mpaka mlangoni, kwa hivyo hii stori imenigusa.

Dada, mdogo wako akishaonana na wanunuzi Berlin, wengi watamwambia "pita kwetu uone bohari". Na bohari ziko huku, Rotterdam na Barendrecht, mimi mwenyewe nafanya kazi kwa mojawapo, kwenye vyumba vya kuivishia. Kwa hivyo atataka kuja, na ni vizuri aje. Lakini angalia hesabu ya siku. Viza inaombwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari. Kama ni biashara huku na biashara kule, watahesabu siku. Akiandika Berlin siku tatu na Uholanzi siku sita, Wajerumani watamwambia, bwana, wewe ni wa Waholanzi. Apange Ujerumani iwe ndefu waziwazi, na huku aandike siku mbili tatu pamoja na barua ya yule mnunuzi. Asiache Uholanzi nje ya ratiba ati ataamua akifika.


Kutoka: Dada wa Leipzig
5 Novemba 2025

Nimesoma zote, nimempigia usiku ule ule. Mwaliko wa kifamilia nimeuchana. Shangazi, pole na ahsante.

Amepata miadi mwanzoni mwa Desemba. Ratiba: anafika kwangu Jumapili 1 Februari, Jumanne anaenda Berlin, anarudi kwangu Jumamosi, Uholanzi siku tatu, anaondoka tarehe 12.

Swali jingine. Anataka kuja na sampuli, kama kilo kumi kwenye sanduku, kila tunda kwenye karatasi yake. Inaruhusiwa?


Kutoka: Kaka wa Rotterdam
5 Novemba 2025

Haiendi bila cheti cha afya ya mimea, kwenu hutolewa na TPHPA, kwetu ni KEPHIS. Tangu 14 Desemba 2019 hata tunda moja la abiria linataka hicho cheti, isipokuwa aina tano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Mama yangu alikuja na avokado sita za shambani amezifunga kwa leso, katikati ya nguo, kama mayai. Na ndizi mkungu mdogo. Sanduku likafunguliwa. Avokado moja moja zikaingia kwenye pipa, afisa hana hata hasira, halafu akamrudishia ndizi zake na leso. Mama mpaka leo anauliza huyo mtu alisomea wapi.

Mwambie mdogo wako sampuli za sanduku hazimsaidii sana. Tunda lililosafiri siku mbili kwenye joto la ndege na treni litamwaibisha mezani. Mnunuzi wa huku anauliza ukubwa, tarehe za kuvuna, vyeti, na kipimo cha ukavu wa nyama ya tunda. Chini ya asilimia 21, Hass hiyo haijakomaa. Aje na picha za shamba, picha za mahali anapofungashia, na majibu ya maabara. Sampuli zitakuja kwa ndege na karatasi zake, mnunuzi akishaomba.


Kutoka: Dada wa Leipzig
14 Januari 2026

IMETOKA!

Walimuuliza mambo matatu tu: kilo inauzwa shilingi ngapi shambani, nani ananunua sasa, na Februari nani anabaki na shamba. La tatu alijibu, mke wangu, na yeye ndiye anayenizidi kwa hesabu. Anasema yule mama wa dirishani alicheka.

Stika inasema kuanzia 1 Februari hadi 27 Februari, halafu chini muda wa kukaa siku 12. Mama yetu ameshaanza kusema abaki mpaka 27. Ipi ni ipi?


Kutoka: Kaka wa Berlin
14 Januari 2026

Hongereni sana! Siku 12 ndizo siku zake. Zile 15 za nyongeza kwenye tarehe ni nafasi ya kusogeza safari kama ndege ikighairishwa, si za kukaa. Siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa, kwa hiyo 1 hadi 12 Februari amezijaza zote, asichelewe hata moja. Na siku hizi mpakani wanapiga picha ya uso na kukagua alama za vidole, safari inaingia kwenye mfumo mpya, siku zinahesabiwa na kompyuta, si kwa muhuri wa kufifia.

Faili lote, nakala yake, liwe naye mkononi, lisiende kwenye sanduku la chini. Polisi wa mpakani wana haki ya kumuuliza upya anakwenda wapi na anafikia kwa nani. Na atunze historia: akizitumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili, anaweza kuomba ya mwaka mzima ya kuingia na kutoka.


Kutoka: Dada wa Leipzig
14 Januari 2026

Nimempelekea yote. Jambo la mwisho, anasema ana koti, nimeomba picha, ni koti la suti. Njombe kuna baridi kweli lakini Berlin ya Februari hajaiona. Ana kifua kipana na urefu wa kama mita moja na themanini na tano. Aliye karibu na Leipzig au Berlin mwenye koti la kuazimisha wiki mbili, aniandikie pembeni.