Blenda ndogo, ukiacha juisi, ina kazi gani nyumbani? Mama mkwe anakuja Ijumaa

Binti wa Mikindani
Wadau, habari za jioni. Nimenunua blenda ndogo, ya jagi moja la lita na kikombe kidogo cha kusagia viungo. Bado ipo kwenye boksi. Naomba mnitajie kazi zake za nyumbani, zile za kila siku, kwa sababu hapa kwetu juisi tunaikumbuka Ramadhani tu. Mama mkwe anakuja Ijumaa kutoka Tandahimba, na najua akishapokea shikamoo swali lake la kwanza litakuwa hiki kidude kinafanya nini jikoni kwa mwanawe. Nataka niwe na majibu ya kumtosha. Wenye kejeli wapite pembeni, usingizi wenyewe sina.

Shangazi wa Nachingwea
Mwanangu, anza na tui. Nazi usiikune. Itoe kifuuni, ikatekate vipande vidogo, tia maji ya uvuguvugu, saga mpaka ilainike, kamua kwa kitambaa. Tui zito weka pembeni, machicha rudisha jagini na maji mengine upate tui la pili. Mbuzi ya kukunia inapumzika ukutani na vidole vyako vinabaki vyote.

Halafu viungo. Swaumu, tangawizi, giligilani, pilipili, unasaga na mafuta ya kula badala ya maji, unatia kwenye chupa, unaweka kwenye friji. Ukirudi umechoka, mchuzi ni kuchota kijiko tu.

Ila cha moto usitie. Mimi siku moja, mgeni wa mume wangu yuko sebuleni, nilimimina mbaazi zinazotokota, nikafunika, nikabonyeza. Mvuke ukarusha mfuniko mpaka darini. Mbaazi kwenye nywele, mbaazi kwenye pazia, na mgeni, mtu wa heshima zake, akaja mbio na kiti mkononi akidhani tumevamiwa. Mpaka leo tukikutana msibani ananivuta pembeni ananiuliza, "Mbaazi hazijambo?"

Mzee wa Kinu
Mimi nasema mapema kabla hamjafika huko: kisamvu kisisagwe. Kisamvu kinatwangwa. Kwenye blenda lazima utie maji ndipo visu vizunguke, matokeo yake unakula uji wa kijani. Kinu kinaponda jani, nyuzi zinabaki kidogo, tui linapata pa kushika. Mama mkwe wa Tandahimba ukimwekea kisamvu cha blenda atajua kabla hajanawa mikono.

Mama Wawili Lindi
Mzee, heshima yako, lakini nani atatwanga, wewe? Mimi nakichemsha kwanza, nakamua, nasaga na kitunguu na maji kidogo sana, nabonyeza naachia, nabonyeza naachia, kisilainike mno. Kisha narudisha jikoni kinachemka muda mrefu na sufuria nimeacha wazi, maana kisamvu kibichi kina sumu na kusaga peke yake hakuiondoi. Mume wangu anakula mwaka wa ngapi huu na hajauliza kinu kiko wapi.

Mzee wa Kinu
Hajauliza kwa sababu anaogopa.

Mla Ming'oko
Ming'oko je, ile mizizi yetu ya porini, inasagika? Nataka nianzishe juisi ya ming'oko niwe tajiri wa kwanza wa Kusini.

Fundi Majagi
Dada, mimi hizi natengeneza kila wiki hapa Mtwara mjini. Kabla ya kazi za jikoni geuza kitako, soma kibandiko kimeandika wati ngapi. Hizi ndogo nyingi ni 300 mpaka 400. Maana yake ni mashine ya kazi fupi. Maji kwanza, kitu kigumu baadaye. Nusu dakika, upumzishe, nusu dakika tena. Wengi wanaoniletea wameunguza mota kwa kusaga karanga kavu mfululizo. Karanga na korosho zinatoa mafuta, zinanata pembeni, visu vinazunguka hewani huku mtu anaendelea kubonyeza akisubiri muujiza.

Korosho inawezekana kama imebanguliwa na kukaangwa. Chukua zile zilizovunjika, ni bei rahisi, saga kidogo kidogo kwenye kikombe kidogo, unapata ya kupaka mkate. Au loweka usiku kucha, saga na maji, chuja, unapata maziwa ya korosho kwa ajili ya uji. Ila korosho yenye ganda usiiguse na mashine. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, watu wa huku hilo mnalijua.

Binti wa Mikindani
Asanteni sana. Kaka Fundi, na je, mchele uliolowekwa? Wa vitumbua. Nikisaga mwingi kidogo, ile harufu ya kuungua ni kawaida kwa mashine mpya au nijali?

Fundi Majagi
Ujali. Unasaga kiasi gani?

Mwalimu Mstaafu
Samahani, nina swali la pembeni. Mama mkwe anafunga safari kutoka Tandahimba aje kuuliza habari za blenda? Mimi nina wakwe wanne na hakuna aliyewahi kukagua vyombo. Kuna kitu hujasema.

Binti wa Mikindani
Mwalimu, anapenda tu kuuliza. Tuendelee na matumizi tafadhali.

Mama Wawili Lindi
Bagia za kunde. Loweka kunde, sugua maganda yatoke, saga na maji machache sana, pilipili, kitunguu, kaanga. Na nyanya za mchuzi ukizisaga na kitunguu familia haioni maganda. Ila Mwalimu kauliza la maana. Pesa ya blenda ilitoka wapi, wifi?

Binti wa Mikindani
Imenunuliwa 75,000.

Mama Wawili Lindi
Sijauliza bei.

Binti wa Mikindani
Haya, kwa kuwa mmeng'ang'ania. Mama mkwe alinitumia 150,000 kwenye simu nimpe kijana anayepuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho yetu ya huku, maana kijana anaishi mtaa wa pili na mume wangu yuko Kilwa kikazi. Nimempa kijana nusu aanze. Nusu nimezungushia kwenye blenda. Nina oda ya vitumbua 300 Alhamisi, shughuli ya jirani, kitumbua kimoja 200. Pesa inarudi kabla mama hajafika. Hii sio kula pesa ya mtu, ni kuizungusha, na angekuwa mwanaume kafanya hivi mngemwita mjasiriamali.

Mzee wa Kinu
Subhanallah. Pesa ya mikorosho!

Shangazi wa Nachingwea
Mwanangu, 300 mara 200 ni 60,000. Hapo hujanunua mchele, sukari, nazi, hamira, iliki, mafuta wala mkaa. 75,000 inarudi kwa njia gani?

Binti wa Mikindani
Shangazi, oda moja inaleta nyingine. Watu wakionja shughulini wataniagiza.

Mwalimu Mstaafu
Kabla ya Ijumaa?

Mla Ming'oko
Huyu kafanya kangomba ya jikoni, kama wanaouza korosho zikiwa bado mtini. Kauza msimu kabla haujaiva.

Mkulima wa Newala
Mnacheka lakini ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho unaozuiwa na hiyo salfa, hausubiri oda. Unashika machipukizi na maua, ukichelewa unavuna majani. Na salfa si ya mara moja, unarudia kila baada ya wiki mbili au tatu mpaka maua yashike. Kijana akipuliza nusu ya shamba, nusu iliyobaki inaambukiza tena ile aliyopuliza. Mimi mwaka jana ndugu yangu alinifanyia hivi hivi, alinunua simu. Nilikwenda shambani alfajiri, umande upo, upepo umetulia, saa yenyewe ya kupuliza, nikamkuta kijana kalala chini ya mkorosho. Namuuliza, ananiambia "nalinda". Nalinda nini? Tulirushiana maneno mpaka jua likatoka na umande ukakauka, na hiyo siku ikawa imeenda.

Mpelelezi wa Mtaa
Nimesoma kimya sasa nasema. Hii ni chai, wakuu, tena ya rangi. Moja: salfa siku hizi ni ya ruzuku, mkulima anajisajili, anaipata kupitia chama cha msingi cha ushirika. Hela ya salfa ipi anayotumiwa mtu kwenye simu? Mbili: mwanzoni kasema blenda bado ipo kwenye boksi. Posti ya pili ananusa harufu ya kuungua. Boksi linaungua lenyewe? Huyu anauza blenda. Ngojeni mwisho wa uzi ataweka namba ya duka.

Mla Ming'oko
Nimeanguka. Boksi!

Mzee wa Kinu
Nilishangaa mimi. Mama mkwe wa Kimakonde hatumi pesa kwa mkamwana, anakuja nayo kwenye upindo wa kanga.

Mama Wawili Lindi
Mzee nawe, wazee siku hizi wote wana simu. Ila la boksi lina uzito.

Mkulima wa Newala
La ruzuku nimjibu mimi, maana nimo humo. Salfa yenyewe kweli tunagawiwa. Kupuliza hatugawiwi. Mashine unakodi kama huna, petroli unanunua, kijana anayebeba mashine mgongoni unamlipa. Na mifuko haitoshi kila shamba, wengine wanaongezea dukani. Kwa hiyo kutuma 150,000 kwa kazi hiyo hakunishangazi hata kidogo. Kinachonishangaza ni mikorosho ya Tandahimba kupulizwa na kijana wa Mikindani.

Binti wa Mikindani
Someni vizuri. Nimesema mikorosho yetu ya HUKU. Ipo njia ya Naliendele, ya marehemu baba mkwe. Na pesa ni ya petroli na kijana, kama alivyosema mkulima, salfa ipo ndani ya nyumba tayari, mnataka niwapigie picha mifuko? Na la boksi: niliitoa Jumamosi nikaijaribu na mchele, ikatoa harufu, nikaiosha, nikaikausha, nikairudisha kwenye boksi na lile nailoni lake. Ili mama akija aione mpya. Mmeridhika?

Mpelelezi wa Mtaa
Ameirudisha na nailoni. Hili mtu hawezi kulitunga. Naomba radhi kwa sehemu ya duka, mengine nabaki nayo.

Shangazi wa Nachingwea
Mimi nimecheka mpaka mjukuu kaja kuniangalia. Sasa mwanangu, mama mkwe mpigie leo. Mwambie kijana kapewa nusu, nusu ipo kwenye mradi. Akisikia kwako kabla ya kusikia kwa kijana, mtazungumza. Na kijana hakai kimya huyo, anadai.

Binti wa Mikindani
Shangazi nakuheshimu lakini nikimpigia atakuja Jumatano.

Jirani ya Ligula
Mimi naona mnamwonea. Mimi blenda yangu ndogo imenisomeshea mtoto, kwa ubuyu na ukwaju wa kugandisha tu. Ukwaju unaloweka, unatoa kokwe kwa mkono kwanza, ukizisahau zinavunja visu. Na wanaosema blenda inakula LUKU, wati 350 kwa dakika ishirini haifiki hata robo ya uniti moja. Pasi ya umeme ndiyo ya kulaumu.

Fundi Majagi
Turudi kwenye harufu, maana Alhamisi inakaribia. Dada, kibandiko kimeandika nini?

Binti wa Mikindani
350.

Fundi Majagi
Na Jumamosi ulitia mchele kiasi gani?

Binti wa Mikindani
Jagi lilijaa. Maji nilitia kidogo, sikutaka ujiuji.

Fundi Majagi
Basi mota ilikuwa inalia. Sikiliza. Kwa vitumbua 300 hiyo si mashine yake. Mchele ule uoshe, uanike upungue maji, upeleke mashine ya kusaga nafaka upate unga, ukoroge na tui. Blenda ifanye tui na iliki tu. Ukishindwa kabisa, basi kikombe kimoja cha mchele uliolowekwa usiku kucha, na tui kikombe kimoja, nusu dakika, pumzisha dakika mbili, ndipo kingine. Ukishika kitako kikiwa cha moto, acha mpaka kipoe. Halafu angalia kile kipira cha meno kinachoshikanisha jagi na mota, kikiwa kimelika nitakuwekea kingine, si ghali.

Binti wa Mikindani
Kupeleka mashine sitaweza, jirani aliagiza vya mchele wa kusaga mbichi, ndivyo tulivyokubaliana na ameshalipa nusu. Na mchele wenyewe wa majaribio nimeshauloweka tangu adhuhuri, kilo mbili.

Mama Wawili Lindi
Kilo mbili za majaribio?

Mwalimu Mstaafu
Ameshalipa nusu. Na hiyo nusu iko wapi?

Binti wa Mikindani
Imenunua mchele.

Mla Ming'oko
Mimi nipo Mikindani hapa karibu na bandari ya zamani. Nina blenda kubwa ya marehemu shangazi, inapiga kelele lakini inasaga mawe. Nakuazima mpaka Ijumaa asubuhi. Malipo vitumbua kumi, na nisiitwe shahidi mama mkwe akifika.

Binti wa Mikindani
Vitano.

Mla Ming'oko
Nane, na uje na sahani yako.