Nukta moja imenikosesha oda ya madumu 200, na fundi bado anadai hela yake

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina mashine ndogo ya kukamua alizeti Kibaigwa, ofisi iko Nkuhungu hapa Dodoma mjini. Mwezi uliopita nilimlipa fundi ahamishe tovuti na barua pepe za kampuni kwenda kwenye seva yake. Tovuti ikafunguka, akanitumia barua ya majaribio, ikaingia. Nikampa nusu ya hela.

Wiki mbili kimya. Hakuna oda, hakuna ankara, hata matapeli wa urithi hawaandiki! Kumbe mteja wangu wa hoteli alishatuma oda ya madumu 200 ya lita 20. Barua ikakaa kwenye foleni ya seva yao siku tano, ndipo ikamrudia. Akaagiza Singida. Mwingine ilimdundia palepale, akadhani nimefunga ofisi.

Kila nikimpigia fundi: "Bosi, mbona mimi nikituma inafika?" Inafika kwa sababu anatuma kutoka seva ileile inayohifadhi barua zangu! Seva ikijua domeni (jina la mtandaoni, kama jinaletu.co.tz) ni yake inaitumbukiza barua humo humo, haina haja ya kuuliza DNS, lile daftari la mtandao linaloonyesha jina lipi liko seva ipi. Ni kama mtu kupiga hodi akiwa sebuleni kwake.

Mpwa wangu ndiye aliyeangalia rekodi ya MX, ile ya DNS inayosema barua za domeni zipelekwe seva ipi, dakika moja tu. Jamaa kaandika jina la seva kwenye faili la zoni (faili lenye rekodi za domeni) bila nukta mwishoni. Ukiikosa nukta hiyo, domeni inabandikwa tena kwa nyuma, ikawa mail.jinaletu.co.tz.jinaletu.co.tz. Seva ya jina hilo haipo popote duniani.

Sasa sikieni kinachoniuma. Domeni ikiwa haina MX kabisa, kanuni ya kutuma barua pepe (RFC 5321 ya mwaka 2008) inaitaka seva inayotuma ijaribu anwani ya domeni yenyewe, ambayo kwangu ni seva hiyohiyo ya tovuti. Lakini MX ikiwepo, hata kama ni mbovu, njia hiyo inafungwa. Yaani angekaa tu asiweke MX yoyote, barua zangu zingefika! Nimemlipa mtu aje kuziba mlango.

Tukarekebisha, bado tukasubiri. TTL (muda ambao seva za wengine zinaitunza rekodi kabla ya kuiuliza upya) aliiweka 86400, yaani sekunde za siku nzima, kwa hiyo waliokwisha kuichukua rekodi mbovu waliendelea nayo mpaka kesho yake. Na SPF (rekodi ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina letu) kaweka mistari miwili wakati inatakiwa mmoja. Ikiwa miwili inahesabika kosa. Hilo nimeliacha, nisije nikapata presha.

Leo asubuhi kanitumia meseji: "Bosi, ile nusu vipi?" Nimemwambia alete ankara kwa barua pepe, ila aitume kutoka seva ya mtu mwingine.